Stroberi: majani machanga yamekuwa njano, mishipa imebaki kijani. Nipo Njiro Arusha, naombeni msaada

MamaWawili_Njiro

Habari zenu wakuu, poleni na joto la Februari. Nina shida na stroberi zangu, nimeshasoma mitandaoni mpaka macho yanauma na kila mtu anasema lake, nikaona bora niwaulize nyie mnaolima huku huku kwetu.

Nilipanda miche 40 mwishoni mwa mwezi wa kumi, matuta mawili nyuma ya jiko, kila tuta kama mita tatu kwa mita moja. Miche nilinunua buku buku kwa kijana anayeuza barabarani, akaniambia fukia vizuri ishike, nami nikafukia kweli kweli. Vuli ilivyokuja zikachangamka, majani ya kijani yanang'aa, maua yakaja, Krismasi tukala matunda ya kwanza, machache lakini matamu yaani sijawahi kununua tunda dukani likawa vile. Mwanangu wa darasa la pili ndo kazichukua kama zake, kila asubuhi lazima akahesabu matunda kabla gari ya shule haijapiga honi, anarudi mbio ananiambia mama leo tisa, mama leo kumi na mbili.

Sasa tangu mvua ikate Januari mambo yamebadilika. Majani mapya yanatoka njano kama ganda la limau lililoiva ila mishipa yake inabaki kijani, ukilishika jani unaona kama mtu kachora wavu kwa kalamu. Yale ya zamani yenyewe pembeni yamekauka rangi ya kahawia kama yameguswa na pasi. Matunda yamekuwa vidogo vidogo, mengine yamepinda upande mmoja. Maji namwagilia kila siku jioni, bomba huku linatoka mara mbili kwa wiki kwahiyo natumia ya kisima cha mtaani. Mbolea ni ya kuku, naitoa bandani naweka. Na majivu ya jikoni, kopo moja kila Jumamosi kwa kila tuta, jirani aliniambia yanafukuza konokono na kweli wamepungua.

Jana mtoto karudi kaniambia "mama leo ni mawili tu" nikakosa cha kumjibu. Tatizo ni nini jamani?

chalii_wa_Sakina

Dada pole sana. Hiyo ni njaa, njano ni nitrojeni hiyo. Chukua urea kiganja kimoja kwenye ndoo ya lita 20, mwagia leo na Jumapili rudia. Mi nyanya zangu zilikuwa njano hivyo hivyo nikapiga urea, wiki haijaisha zimekolea kijani mpaka majirani wanauliza. Majivu endelea nayo, yana potasi nzuri tu.

Mzee_wa_Tengeru

Binti, hiyo urea iache kwanza, nakuomba. Kijana hapo juu ana nia njema na kwa nyanya zake yawezekana kabisa alikuwa sahihi, lakini wewe umesema njano imeanzia majani machanga na mishipa imebaki kijani, hiyo ni habari nyingine kabisa. Nitajibu vizuri ila nijibu maswali yangu kwanza.

Hayo maji ya kisima, ukichemshia maharage yanaivaje? Yanawahi kulainika hata kama hujaweka magadi? Pili, nenda kaangalie juu ya udongo mchana jua likiwa kali, kuna ukoko mweupe mweupe kama chumvi? Tatu, chagua mche mmoja uufukue udongo taratibu kwa kidole pale majani machanga yanapochomoza, uniambie ule moyo wa mche uko juu ya udongo au umezikwa. Nne, hapo kwenye matuta kabla ya stroberi palikuwa na nini?

MamaWawili_Njiro

Shikamoo mzee. Nimetoka nje sasa hivi nimeenda kuangalia.

Maharage kweli yanawahi, mama mkwe alipotoka Same akashangaa, akasema huku kwenu mnapikia dawa gani. Sisi tulishazoea, magadi sijawahi kununua tangu tuhamie hapa. Ukoko mweupe upo mzee, tena nilidhani ni mabaki ya majivu lakini nimeona upo mpaka pembeni ya tuta ambapo majivu sijawahi kufikisha. Nimeugusa kwa ulimi, ni chumvi chumvi yenye uchungu.

Moyo wa mche nimefukua mitatu. Mmoja uko sawa, miwili umezama kama urefu wa kidole gumba mpaka kwenye kiungo cha kwanza, na mmoja kati ya hiyo miwili una rangi nyeusi na ukibonyeza ni laini. Kabla yake palikuwa na sukuma na maboga.

Mzee_wa_Tengeru

Marahaba mwanangu. Asante kwa kwenda kuangalia kwa macho yako.

Mimi nimefanya kazi miaka 19 kwenye mashamba ya maua huko Usa River, kazi yangu ilikuwa maji na mbolea, kwahiyo hili jambo nimekutana nalo asubuhi na jioni. Miche yako haina njaa ya nitrojeni. Nitrojeni ikipungua mmea unaitoa kwenye majani ya zamani unaipeleka kwa machanga, ndo maana njaa ya nitrojeni utaiona chini kwanza, majani makuukuu yanapauka yote mpaka na mishipa. Chuma hakihamishiki hivyo. Chuma kikikosekana jani la zamani linabaki na chake, jani jipya ndo linazaliwa halina, linatoka njano lenye wavu wa kijani kama ulivyolieleza. Kwahiyo ukiona njano, kabla ya yote angalia imeanzia wapi.

Sasa sio kwamba udongo wetu hauna chuma, udongo huu wa chini ya Meru chuma kimo. Kimefungwa. Stroberi inapenda udongo wenye uchachu kidogo, pH (kipimo cha uchachu, namba ikipanda uchachu unapungua) ya 5.5 mpaka 6.5. Ikishapanda kupita 7 na kuendelea chuma kinajifunga kwenye udongo, mizizi inakigusa lakini haiwezi kukinywa. Na wewe binti umekuwa ukiipandisha kwa njia mbili bila kujua. Majivu ya kuni ni kama chokaa, pH yake inapita hata 10, kopo kila Jumamosi kwa tuta dogo hilo ni jingi mno. Na hayo maji. Maji mengi ya visima huku chini ya Meru yamepita kwenye miamba ya volkano, yanabeba magadi na floraidi, ile floraidi inayowatia watoto wetu rangi ya kahawia kwenye meno. Sio kila kisima, na chemchemi nyingine za juu mlimani ni nzuri tu, ila kisima kinachoivisha maharage bila magadi hicho chenyewe kina magadi. Mama mkwe wako ameona vizuri.

Hayo majani ya zamani yaliyoungua pembeni ni chumvi. Stroberi ni katika mimea inayoshindwa kabisa na chumvi, sukuma na maboga yako yalivumilia lakini hii haivumilii. Kiangazi unamwaga maji kidogo kila jioni, jua likitoka maji yanapaa chumvi inabaki, kesho unaongeza nyingine. Na mbolea ya kuku mbichi nayo ina chumvi yake na ni kali, inatakiwa ikae imelundikwa miezi miwili mitatu ioze mpaka isitoe tena harufu ya banda. Ungeweka na urea juu ya hapo ungezichoma zikaisha.

Cha kufanya. Majivu acha leo. Kwangua udongo wa juu wa hayo matuta, unene wa vidole viwili, na ule ukoko wote, ukautupe mbali, usiumwage kwenye mipapai wala migomba yako. Kisha tafuta maji ya mvua. Najua sasa hivi hakuna, lakini masika iko mlangoni, weka gata hata upande mmoja wa bati. Hesabu ni rahisi, milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ya bati inakupa lita moja. Bati la mita za mraba 40, mvua moja ya milimita 20 ni lita 800. Matuta yako ni mita za mraba sita, yanataka kama lita 150 kwa wiki, kwahiyo simtanki la lita 1000 likijaa linakupeleka wiki sita na zaidi. Mpaka mvua ije tumia yale ya bomba ya mara mbili kwa wiki, yajaze kwenye madumu yawe ya stroberi, ya kisima yabaki ya kufulia. Ila nayo yachemshie maharage kwanza uone, maana bomba nalo linaweza kuwa limetoka kwenye kisima.

Na mwagilia asubuhi, chini kwenye mizizi, sio jioni juu ya majani, jani likilala na maji unakaribisha ukungu. Mwagilia kwa kushiba siku moja ukaacha siku moja, sio kulamba lamba kila siku.

Miche iliyozama inyanyue. Moyo wa mche unatakiwa ukae sawa sawa na uso wa udongo, mizizi yote chini, moyo unapumua. Ukizama unaoza kama huo mmoja mweusi, ukikaa juu sana mizizi inakauka. Aliyekuambia fukia vizuri amekuponza hapo. Ule mweusi laini ng'oa, hauponi.

Ukitaka kuziona zikirudi haraka wakati unasubiri mvua, maduka ya pembejeo yanauza chuma cha kupulizia majani. Angalia kibandiko, cha EDTA kinafaa kupuliza kwenye majani, cha kumwaga kwenye udongo wenye magadi tafuta kilichoandikwa EDDHA maana kingine kitafungwa kule kule. Fuata kipimo cha kwenye pakiti, pulizia jua likiwa limepoa. Lakini hiyo ni panadol, ugonjwa wenyewe ni maji na majivu.

chalii_wa_Sakina

Mzee nashukuru, nimejifunza kitu leo, nitarudi kuangalia na nyanya zangu vizuri. Swali, kwani hawezi kuweka limau au siki kwenye hayo maji ya kisima yakapunguza magadi? Na masalia ya kahawa, nasikia yanafanya udongo uwe mchachu. Salfa je?

Mzee_wa_Tengeru

Swali zuri. Asidi kwenye maji inasaidia kweli, kule mashambani tulikuwa tunatia asidi kwenye tangi kabla maji hayajaingia kwenye dripu, lakini kwa vipimo, na asidi zile sio za kuweka nyumbani kwenye watoto. Limau linapunguza magadi kiasi, ukiwa na vile vikaratasi vya kupimia pH unaweza kukamulia kwenye ndoo mpaka ufike 6 hivi. Tatizo ni kwamba chumvi haiondoki, umebadilisha uchachu tu, sodiamu iko pale pale. Kwa wiki mbili tatu za kusubiri mvua sawa, kwa mwaka mzima hapana.

Masalia ya kahawa yaliyokwisha kupikwa uchachu wake mwingi umeondoka na kikombe, ni mazuri kuchanganya kwenye mboji lakini usiyategemee kwa hili. Salfa ya unga inashusha pH kweli ila inafanya kazi kupitia vijidudu vya udongo, inachukua miezi, na huku unaendelea kumwaga magadi juu utakuwa unachota maji kwa tenga.

dada_wa_Kibosho

Mamii pole, nimesoma nikaona nami niseme kidogo. Mi nilianzia Moshi mjini, huko joto la Januari na Februari ni la kutosha, stroberi yangu ikawa inatoa ile mikono inayotambaa tu kila upande na maua hakuna, matunda yakitoka ni laini hayana ladha. Nilipohamia kwa wazazi Kibosho nikabeba miche 12, huku baridi lipo ikanyooka yenyewe. Stroberi ikipata joto sana inaweka nguvu kwenye mikono inaacha maua. Arusha nyie mmepata bahati, mpo juu kama mita 1,400 hivi, na huku kwetu mchana na usiku vinakaribiana mwaka mzima, kwahiyo ukipata miche ya aina nzuri inaweza kukupa matunda karibu miezi yote ikipungua tu kwenye joto kali.

Hiyo mikono ikate, isipokuwa unataka miche mipya. Ukitaka mipya chukua ile mche wa kwanza au wa pili kwenye mkono, wa mbali mbali huwa dhaifu, uubane chini kwenye kikopo cha udongo kwa kipande cha waya uliokunjwa kama pini ya nywele, wiki tatu nne umeshika, ndo unakata kamba. Mi mama yangu hajawahi kununua mche tena. Maana mche wa stroberi miaka miwili mitatu umechoka unatakiwa ubadilishe. Na maua yanayokuja mwezi wa kwanza baada ya kupanda yatoe, inauma lakini mche unajenga mizizi kwanza.

Pia mi nakushauri kama udongo umeshaharibika hivyo hamishia kwenye ndoo. Zile ndoo za rangi za lita 10, toboa chini mashimo sita saba, kila ndoo mche mmoja au miwili. Mizizi ya stroberi haiendi chini sana, mingi inakaa juu juu. Udongo chukua sehemu ambayo haijawahi kulimwa nyanya, viazi mviringo, pilipili wala bilinganya, kuna ugonjwa wa kunyausha unabaki kwenye udongo na stroberi inaupata. Changanya na mboji iliyooza na samadi ya ng'ombe ya zamani. Juu weka matandazo, mi natumia majani makavu ya mgomba nimeyakatakata, kaka yangu yuko karibu na mashamba ya mpunga kule Chekereni ananiletea maganda ya mpunga nayo ni mazuri sana, tunda linalala pakavu halioi na maji hayapotei.

Matunda kupinda mwambie mwanao nyuki hawakufika vizuri. Zile mbegu ndogo zinazoonekana kwa nje, kila moja inatakiwa ipate chavua yake, ikipata nyama ya chini yake inavimba, isipopata pale panabaki pamebonyea. Mpe brashi laini ya kuchorea apitishe kwenye maua saa nne hivi asubuhi, ua hadi ua, wanangu wanaipenda hiyo kazi.

MamaWawili_Njiro

Jamani asanteni sana mpaka nakosa maneno. Mzee Mungu akubariki. Leo jioni nimekwangua udongo mimi na baba watoto, tumetoa karai nne na nusu. Nimenyanyua miche 11 iliyokuwa imezama, 4 nimeitupa ilikuwa imeoza moyo. Maji ya bomba nimechemshia maharage kama ulivyosema, yamechukua gesi na muda kama ya kwa mama mkwe Same, kwahiyo nadhani yako salama. Ndoo za rangi nimepata 14 kwa fundi anayejenga mtaa wa pili. Mtoto nimempa brashi yake, kanuna kwanza kuona nimekwangua bustani yake ila nilivyomwambia yeye ndo nyuki akakimbia kuvaa viatu.

kijana_wa_Longido

Kama unatafuta miche mingine mizuri Kenya ipo mingi, Limuru wanalima sana hizi. Nikipita Namanga naweza kukuletea hata 50 kwenye begi.

Mzee_wa_Tengeru

Kijana usimbebee mtu miche kwenye begi. Miche inayovuka mpaka inatakiwa iwe na kibali cha kuingiza na cheti cha afya ya mimea kutoka kule inakotoka, huku wanaosimamia ni TPHPA, mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu. Sio usumbufu wa bure, mche mmoja wenye minyoo ya mizizi au utitiri unaweza kuharibu bustani za mtaa mzima na mgonjwa humuoni kwa macho. Huyu binti ana miche yake 36 hai na inatoa mikono, mwakani atakuwa anagawa.

Na binti, kwa kuwa umetaja kiangazi, geuza majani uangalie chini yake. Ukiona vidoti vidogo vyekundu vinatembea na utando kama wa buibui huo ni utitiri, unapenda sana ukavu na vumbi. Ukiwa mchache piga maji kwa nguvu chini ya majani asubuhi siku tatu mfululizo, majani yaliyojaa kata uchome.

MamaWawili_Njiro

Nimeangalia mzee, utitiri hakuna. Nitarudi kuwapa majibu masika ikinyesha.

MamaWawili_Njiro

Wakuu nimerudi, ni mwisho wa mwezi wa nne. Samahani nimekaa kimya, nilitaka niseme nikiwa na uhakika.

Chuma nilinunua cha kupulizia nikapuliza mara mbili, wiki mbili za kwanza yale majani ya njano yalianza kupata kijani kwa madoa madoa, mengine hayakurudi kabisa. Gata tuliweka upande wa nyuma, katikati ya mwezi wa tatu ikaja mvua moja ya usiku simtanki la lita 500 likajaa mpaka likamwagika, nikatoka na tochi kuhakikisha maana sikuamini. Tangu hapo stroberi hazijaonja maji ya kisima. Mvua zilivyoendelea ule ukoko mweupe kwenye tuta moja lililobaki umepotea wenyewe.

Miche iliyopona ni 31, mingine mitano ilikufa kwenye kuhamisha. Ya kwenye ndoo ndo imekuwa mizuri zaidi, kila jani jipya linatoka kijani lote, limekunjwa kama feni ya karatasi halafu linafunguka na vinyweleo vyake pembeni, na asubuhi kila ncha ya jani ina tone la maji. Mtoto alinionyesha hayo matone, anasema stroberi inatoa jasho. Maua nimehesabu zaidi ya 60. Tulichuma la kwanza juzi, nimejifunza kusubiri mpaka liwe jekundu lote hadi mabegani karibu na kikonyo, maana zamani nilikuwa nachuma yana weupe nikidhani yataivia ndani kama parachichi na hayaivi.

Sasa naomba jambo moja la mwisho. Mvua hizi konokono wamerudi kwa fujo, wale wasio na gamba, asubuhi nakuta tunda limetobolewa shimo na njia ya utelezi inang'aa. Majivu siwezi kuweka tena. Mnafanyaje?

dada_wa_Kibosho

Hongera mamii, nimefurahi mpaka nimemsomea mama!

Konokono sisi tunawategea kwa mbege. Chukua kopo la majarini, lifukie karibu na ndoo ila mdomo uache juu ya udongo kama unene wa kidole, usiwe sawa na udongo wadudu wazuri wanaokula wenzao wasije wakatumbukia. Tia mbege iliyochachuka kama nusu, wanafuata ile harufu ya kuchachuka usiku wanazama. Kama huna mbege weka maji ya uvuguvugu, sukari kijiko na hamira kidogo, inafanya kazi ile ile. Mimina kila siku mbili weka mpya. Na jioni laza gunia lililolowana au kipande cha ubao kati ya ndoo, asubuhi kabla jua halijapanda ligeuze utawakuta wamejibanza chini, waokote tu. Kuku wangu wananisubiri kabisa pale.

MamaWawili_Njiro

Kopo la majarini ninalo, hamira ninayo. Gunia naliweka leo leo, na nimeshaambiwa na mtu wa darasa la pili kwamba kesho ni yeye ndo analigeuza, mimi nishike tochi.